Walikuambia una mgogoro wa utambulisho

Uyole, Mbeya

Mwanangu Lusajo,

Kamwene, baba. Huku baridi imeshaingia, baba yako anavaa koti mpaka mezani, nami nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu ndipo penye moto. Sisi ni wazima. Mahindi ya nyuma ya nyumba tumeshavuna, si mengi.

Ujumbe uliotuma baada ya kurudi kutoka kwenye msiba wa baba yako mkubwa kule Tukuyu nimeusoma. Unasema babu yako mdogo alikusalimu kwa Kinyakyusa, akakuuliza jambo, ukabaki umemshika mkono unatabasamu tu. Mtoto wa shangazi yako akadakia mbele ya watu, kwa Kiingereza, kwamba wewe una mgogoro wa utambulisho. Watu wakacheka, ukacheka nao, lakini neno lile ukasafiri nalo hadi Dodoma. Sasa unauliza lina maana gani hasa, limetoka wapi, na kama kweli ni lako. Halafu mwishoni kabisa, ukiwa umeshaniaga, ukaongeza sentensi mbili kuhusu kazi yako ya uhasibu. Hizo nitazifikia, maana naona barua yako yote ilikuwa pale.

Simu haitoshi kwa jambo hili. Unajua nimefundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu mpaka nikastaafu, na mtu aliyeleta neno hilo nimemwandika ubaoni hadi chaki ikanikausha vidole. Anaitwa Erik Erikson. Walimu wote waliopita mikononi mwangu wanazikumbuka hatua zake nane za ukuaji wa mtu, maana zilikuwa haziachi kuja kwenye mtihani. Maisha yake hayakuwa yanakuja kwenye mtihani, kwa hiyo hawakuyasoma, na kumbe ndiyo yenye utamu.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Mama yake alikuwa Myahudi kutoka Denmark. Baba aliyemzaa hakumjua maisha yake yote. Akiwa bado mdogo mama aliolewa na daktari wa watoto, Theodor Homburger, na mtoto akalelewa akiambiwa kuwa huyo ndiye baba yake. Sura ndiyo iliyomletea taabu. Alikuwa mrefu, nywele za dhahabu, macho ya bluu. Kwenye sinagogi wenzake walimwona mtu wa mataifa; shuleni Wajerumani wakamwita Myahudi. Nilipolikumbuka hilo nikisoma ujumbe wako nilicheka peke yangu, kwa sababu Tukuyu wewe ni mtoto wa yule Mbena, na Njombe kwa wajomba zako wewe ni Mnyakyusa anayekuja kula viazi.

Alipomaliza sekondari hakwenda chuo kikuu. Alizunguka Ulaya miaka kadhaa akijaribu uchoraji, hana kazi ya kueleweka, mpaka mwaka 1927 rafiki yake alipomwita Vienna akafundishe katika shule ndogo. Huko akakutana na Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, akasomea uchambuzi wa nafsi, ile tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Sigmund. Mwaka 1933, Hitler alipokuwa ameshika madaraka Ujerumani, yeye na familia yake wakahamia Marekani. Mwaka 1939 alipopata uraia akajiita Erikson, jina ambalo hakurithi kwa mtu yeyote. Baadaye akawa profesa wa Harvard bila shahada ya chuo kikuu. Hilo la mwisho sikuwa nawaambia wanachuo wangu kila mwaka, wangeacha kusoma.

Neno lenyewe lilitokana na wanajeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa akitibu askari katika kliniki ya Mount Zion, San Francisco. Wale hawakuwa wendawazimu. Walijua majina yao, walijua mama zao na vijiji vyao. Walichokosa ni mwendelezo: kijana aliyekwenda vitani na mwanamume aliyerudi hawakuonekana kuwa mtu mmoja, na maisha ya nyuma hayakuungana na ya mbele. Hilo ndilo Erikson aliloliita mgogoro wa utambulisho. Sasa angalia, mwanangu. Tangu siku ya kwanza neno hili halikuwa na maana ya mtu asiyejua lugha ya baba yake. Lilihusu mtu ambaye ndani yake hajioni tena kuwa ni yule yule, na ambaye watu wa nje nao hawamtambui kama anavyojitambua.

Vita vilipokwisha aliona jambo hilohilo, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa vijana wa kawaida. Katika hatua zake nane, ya tano ni ya ujana. Kijana anavikusanya alivyopewa utotoni, imani, jina, vipaji, matumaini ya wazazi, na inambidi afanye navyo kitu kimoja ambacho anaweza kukiita mimi. Akishindwa, anabaki amechanganyikiwa, leo huyu kesho yule. Na neno mgogoro hapo lisikutishe. Unakumbuka basi likipanda mlima wa Kitonga tukirudi kutoka Dar? Dereva anakanyaga klachi, anashusha gia, injini inanguruma, na abiria mgeni anadhani gari limeharibika. Halijaharibika. Lingekuwa limeharibika kama lingeng'ang'ania gia ya tambarare. Mgogoro wa Erikson ni pale gia inapobadilishwa. Ni njia panda ya lazima, na asiyepita hapo hakwepi, anaahirisha tu.

Utasema wewe una miaka 28 na hatua ya tano ni ya miaka ya sekondari. Wanachuo wangu nao waliuliza hivyo. Umri katika hatua zile si uzio. Wale askari walikuwa watu wazima. Yuko Mmarekani mwingine, Jeffrey Arnett, ambaye mwaka 2000 alipendekeza kuwa kati ya miaka 18 na 25 kuna kipindi kizima cha kujitafuta, si ujana wa sekondari wala si utu uzima. Mimi huwa namsoma nikiguna. Kipindi hicho anakipata kijana ambaye kuna mtu anamlipia chakula. Mwenzako aliyeishia darasa la saba pale kwa jirani alianza kubeba mizigo sokoni Mwanjelwa akiwa na miaka 14, hakupewa muda wa kujitafuta. Lakini wewe ulipewa, na hukuutumia. Nitafika huko.

Kuna jambo moja la Erikson ambalo mitaani limesahauliwa kabisa. Yeye hakusema mtu ajifungie chumbani na kioo mpaka ajijue. Alisema utambulisho ni mambo mawili yanayokutana: unavyojiona, na watu wenye maana kwako wanavyokupokea. Ukoo wa baba yako ulilijua hili kabla yake. Watafiti wawili, Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi Unyakyusa miaka ya 1930 wakaandika kwa kirefu habari za vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake, akaenda na wa rika lake kujenga vibanda pembeni ya kijiji. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Vibanda vikawa nyumba, wakaoa, kijiji kikawa chao hadi uzeeni. Na mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa, ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana uongozi wa nchi. Kukaa vizuri na wenzako wa rika, kula na kuzungumza pamoja, waliita ukwangala, na waliuona ndio utu wenyewe. Babu yako mzaa baba hadi anakufa alikuwa hawezi kunywa chai peke yake.

Kijana wa namna hiyo hakuwa na usiku wa kujiuliza mimi ni nani. Wenzake walimjibu kabla hajauliza. Hapo vijana wenu wanaposikia habari hizi hutamani zirudi, na wazee wa misibani huzitaja kwa machozi. Mimi siungani nao moja kwa moja. Wasichana hawakuwa na kijiji chao cha rika. Waliposwa wakiwa wadogo, wakaolewa na wanaume waliowazidi umri kwa mbali, na hakuna aliyewauliza wao ni nani. Hata mvulana alijibiwa jibu moja tu. Aliyetaka kuwa kitu kingine hakuwa na pa kwenda. Nilichokipenda kwa watu wale ni kwamba kijana hakuachwa akapita mle peke yake. Hicho ndicho kilichopotea, na hakirudi kwa kumcheka mtu msibani.

Sasa tuje kwenye kabila, kwa sababu ndilo walilokusimanga nalo. Babu yako mdogo, unasema, alimalizia na methali: mwacha mila ni mtumwa. Ni methali nzuri, ila wewe hukuacha. Mtu huacha kile alichokuwa nacho. Mimi na baba yako tulikutana chuoni, Mbena wa Njombe na Mnyakyusa wa Tukuyu, Mlutheri na Mmoravian, na lugha pekee tuliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa Kiswahili. Tukapangiwa vituo vya kazi Iringa, Mbozi, kisha huku. Mkazaliwa humo. Majirani zetu walikuwa Wahehe, Wanyiha, Wasafwa, Wakinga wenye maduka, na Mchaga mmoja. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mama yenu, namaanisha mimi. Hii ndiyo nchi iliyotakiwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza watu makabila yao; ile ya 2022 iliwahesabu Watanzania zaidi ya milioni 61 na haikumuuliza hata mmoja. Huwezi kulea kizazi kizima namna hiyo halafu ukashangaa kwamba kijana wa Dodoma anajibu salamu kwa shikamoo.

Na hayo makabila yenyewe hayakushuka na mvua. Wahehe unaowaona leo wakijivunia Mkwawa, karne mbili zilizopita walikuwa koo na watawala wadogo wengi, kila mmoja kwenye kilima chake. Ni Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyewaunganisha kwa mkuki, na wanasema hata jina lao lilitokana na ukelele wa vita. Mimi mwenyewe nilizaliwa Mkoa wa Iringa, na mwaka 2012 bila kuhama hata hatua moja ndugu zangu wakaamka wako Mkoa wa Njombe. Wa Mbozi nao walikuwa watu wa Mbeya hadi 2016 walipoambiwa wao ni Songwe. Mwanzoni tulitania, sasa kuna watu wanagombana kwenye mpira kwa ajili ya mikoa ile kana kwamba ilikuwepo tangu Adamu.

Nisiwe mwepesi, lakini. Asili inaweza kweli kuwa chanzo cha mgogoro. Erikson aliwahi kwenda kwa Walakota wa Dakota ya Kusini, wenyeji wa Marekani ambao zamani waliishi kwa kuwinda nyati. Nyati walikuwa wameshamalizwa na Wazungu. Watoto walipelekwa shule za serikali wakafundishwa kuudharau mwendo wa wazazi wao. Wakimaliza, ulimwengu wa Wazungu hauwapokei, na nyumbani hawaenei tena. Waliondolewa cha kwanza bila kupewa cha pili. Hapo kweli mtu hajui asimame wapi. Wewe hukunyang'anywa. Hakuna aliyekuchapa kwa kusema neno la Kinyakyusa, na Kiswahili kilikupa nafasi kamili: umesoma nacho, umependa nacho, unaota nacho. Ulichonacho ni upungufu wa lugha. Upungufu wa lugha unatibiwa kwa kujifunza. Baba yako yuko tayari kukufundisha kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, na nimemwonya asianze na methali. Kibena utakipata kwangu. Jifunze kwa sababu ni kizuri, na kwa sababu bibi yako Kiswahili kinamtoka kwa shida siku hizi, si kwa sababu mtu alikucheka.

Kuhusu matumizi ya neno hili huko nje, sina mengi. Limekuwa la kila mtu. Timu ikibadilisha jezi na kocha, wachambuzi wa redio wanasema ina mgogoro wa utambulisho. Chama kikikosa sera, hivyo hivyo. Mgahawa ukiuza makande na piza, hivyo hivyo. Kwa taasisi naona halina ubaya sana, linasema kitu: hawa hawajui wako hapa kwa ajili ya nani. Nisilolipenda ni kulitumia kama fimbo kwa mtu aliyechanganya asili, au msichana aliyebadili nywele, au kijana anayeongea Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Mtu anaweza kuwa na vitu vitatu ndani yake na vikakaa kwa amani. Wengine wana kimoja tu na usiku hawalali.

Nikuambie pia kwamba si jina la ugonjwa. Daktari hawezi kukuandikia kwenye cheti. Ila kuchanganyikiwa kwa namna hii kunaweza kutembea bega kwa bega na sonona. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, hutaki kuona watu, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hilo si la kumwandikia mama barua tu; nenda ukamwone daktari wa afya ya akili, kisha unipigie hata usiku. Dodoma mnayo hospitali ya afya ya akili ya Mirembe hapo hapo. Najua utani wa Watanzania kuhusu Mirembe. Waache na utani wao.

Sasa zile sentensi mbili. Uliandika: "Kazini mambo ni mazuri, ila siku hizi nikikaa mezani naona kama siye mimi ninayefanya. Jioni nikiwafundisha watoto wa jirani hesabu ndiyo najisikia nimerudi." Kisha ukaniaga. Kwa kabila umeandika kurasa nzima, kwa hili mistari miwili. Mwalimu mzee hapotezwi na hilo.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alilichukua wazo la Erikson akataka kulipima. Aliwahoji vijana wa chuo kuhusu kazi, dini na siasa, na kimsingi alitaka kujua mambo mawili. Je, umewahi kutafuta, yaani kuwa na wakati ambao hukujua, ukapima hili na lile? Na je, umeshikamana na kitu? Alipata watu wa namna nne. Wapo waliotafuta wakashikamana, hao wametulia. Wapo walio katikati ya kutafuta, wana wasiwasi mwingi, na ndio hasa walio ndani ya mgogoro. Wapo ambao hawatafuti wala hawashiki chochote, siku inakuja na kwenda. Na wapo ambao wameshikamana kwa nguvu bila kutafuta hata siku moja: wamepewa jibu na wazazi, wakalivaa. Hawa wa mwisho wanaonekana shwari sana. Darasani ndio waliokuwa wakinifurahisha, maana hawasumbui. Ukiwauliza kwa nini ualimu, wanasema baba alisema.

Wewe ulikuwa huyo. Ulipomaliza kidato cha sita, baba yako mdogo aliyekuwa idara ya fedha alisema uhasibu, baba yako akasema uhasibu, mimi nikasema uhasibu, na jioni ile ile fomu ikajazwa. Siombi radhi kwa hilo. Mkopo ulikuwa unapatikana, ajira zilikuwepo, na wewe hukuwa na pendekezo lingine zaidi ya kutaka kulala. Ulisoma, ukafaulu, ukapita mitihani ya bodi, ukaajiriwa. Kila kilichotarajiwa ulikifanya, tena vizuri. Ila kutafuta hukutafuta, na Marcia mwenyewe na waliomfuata walisema hali hizi nne si gereza, mtu huhama kutoka moja kwenda nyingine. Naona wewe umeanza kuhama. Ndiyo maana nasema neno la mtoto wa shangazi yako lilikosea mahali na likapata mtu. Kwa Kinyakyusa huna mgogoro. Kwa kazi unao, na kwa maoni yangu ni vizuri kuwa nao sasa kuliko ukiwa na miaka 50 na watoto watano.

Erikson aliandika kitabu kizima kuhusu mtu aliyepita hapo, mwaka 1958, naye ni Martin Luther. Sisi Walutheri tulimeza habari zake kwenye kipaimara, ila tulifundishwa kama mtakatifu aliyekuwa na uhakika tangu tumboni. Baba yake, Hans, alikuwa ameinuka kwa machimbo ya shaba, na alitaka mwanawe awe mwanasheria. Luther akaanza sheria. Julai 1505, akiwa na miaka 21, akirudi chuoni Erfurt kutoka kwa wazazi, radi ikampigia karibu, akaweka nadhiri kuwa mtawa, na wiki mbili baadaye akaingia monasteri. Baba alikasirika vibaya. Na huko monasteri hakupata amani, alihangaika miaka. Erikson anakazia kisa kimoja ambacho wanahistoria wanakitilia shaka, kwa sababu kilisimuliwa na maadui zake: kwamba siku moja kwenye kwaya Luther alianguka akapiga kelele, "Siye mimi!" Iwe kweli au uzushi, nilipoona maneno yako ya mezani nilikumbuka hayo.

Lakini usinisikie vibaya. Sikuambii usubiri radi, kule Rungwe zipo nyingi mno na hazifundishi mtu kazi. Wala sikuambii uache ajira. Kuna kitu Erikson alikisisitiza sana, alikiona katika maisha yake mwenyewe alipokuwa akizunguka na rangi zake: kijana apewe muda wa kujaribu bila kubanwa aape. Kujaribu, si kuruka. Watu wengi wakisikia wana mgogoro wanakimbilia kuapa upya haraka, wanaacha kazi Ijumaa, Jumatatu wamefungua biashara ya vifaranga. Wametoka kwenye jibu la baba wakaingia kwenye jibu la rafiki.

Nawe usiutukuze ualimu kwa sababu watoto wanne wa jirani wanakuchekea. Nimeifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukapinda. Darasa la watoto 90 si kibaraza chenye watoto wanne. Kuna kusahihisha, kuna zamu, kuna mkaguzi, kuna mshahara ambao unaujua kwa sababu ndio uliokulea. Inawezekana unachokipenda si kufundisha bali kuona hesabu zinamfaa mtu uso kwa uso, na hilo lipo hata ndani ya uhasibu, kwa wakulima wa vyama vya ushirika wanaoibiwa kwa kutojua kusoma vitabu vyao. Inawezekana pia kweli wewe ni mwalimu. Sijui, na wewe hujui, na hapo hasa ndipo panapotakiwa kazi.

Nilichokipanga ni hiki, ukikikataa ni haki yako. Hao watoto wa jirani endelea nao, ila ongeza darasa moja la kweli: nenda shule ya sekondari iliyo karibu, omba kwa mkuu wa shule ufundishe bure Jumamosi wale wa masomo ya biashara wanaojiandaa na mtihani. Wengi hawakatai mhasibu wa bure. Fanya hivyo muhula mzima, pamoja na siku za mvua na siku ambazo hawajafanya zoezi ulilowapa. Ukiona bado unarudi mwenyewe bila kusukumwa, Chuo Kikuu Huria wana stashahada ya uzamili ya elimu kwa watu wenye shahada nyingine, na unaweza kusoma ukiwa kazini. Usilipe chochote bado. Makato ya Bodi ya Mikopo yako pale pale kwenye mshahara wako, na mdogo wako anaingia chuo mwakani, kwa hiyo huu si mwaka wa kukosa hundi.

Baba yako nimemsomea ujumbe wako wote isipokuwa ile mistari miwili. Hiyo mwambie wewe. Hatafurahi mwanzoni, atatoka aende kuangalia ng'ombe, atarudi na maswali ya fedha. Uwe na majibu ya fedha. Zaidi ya hapo hana shida. Yeye mwenyewe alitaka kuwa dereva wa treni ya TAZARA, muulize.

Ukishauliza ada za hao Chuo Huria, zitume kwangu kwanza kabla hazijamfikia yeye. Hesabu za nyumba hii nazijua mimi.

Mama yako